KUCHI HALISI HATAMBULIWI KWA MACHO PEKE YAKE

Wanachama wetu,

Mkarafuu hauna ahadi. Mwaka mmoja huzaa hata wachumaji wakawa hawatoshi, na mwaka wa pili au wa tatu ukakaa na majani yake matupu. Wazee wetu walilijua hilo, na ndiyo sababu nyumba ya mkulima haikukosa kitu cha pembeni: mbuzi wawili watatu, minazi, muhogo, na kuku. Katika toleo hili twapenda kusema juu ya kuku, wala si kila kuku, bali kuku aina ya kuchi, ambaye Unguja na Pemba zatajwa kwa ajili yake mpaka Bara.

Kuchi kila mmoja wetu amjua. Ni kuku mrefu wa shingo na miguu, husimama wima kama askari wa gwaride, kifua mbele, manyoya machache yaliyobana mwili, mifupa mizito. Jogoo mzima aliyelishwa vizuri hupita kilo mbili na nusu. Undu wake, yaani ule upanga wa nyama juu ya kichwa, ni mdogo na umelala. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipowapanga kuku wa kienyeji wa Tanzania kwa makundi mwanzoni mwa miaka ya 2000, walimtaja kuchi mbali na wenziwe wa Ching'wekwe, Mbeya, Morogoro na Singamagazi. Uchunguzi wa asili yake uliofuata ulikuta kuwa kuchi anakaribiana na kuku wa Japani aitwaye shamo. Jambo hili lisitushangaze. Mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, ukafika kwetu katika karne ya 19, na leo nani atauita mgeni? Bahari huleta, na watu wa pwani hutunza.

Ama suala la leo ni hili: je, bado twamtunza?

Kuku anayetoka visiwani kwenda Dar es Salaam huingia kwa mlango wa bandari, hupita Magogoni, penye kivuko cha Kigamboni na soko la samaki la Feri, na kutoka hapo si mbali kufika Kisutu na mitaa ya Kariakoo. Huko ndiko aliko mnunuzi. Wapo wanaotaka kuku wa kitoweo, nao huangalia uzito tu. Lakini wapo pia wafugaji wa mjini na wa mikoani wanaotafuta jogoo wa mbegu, na hao ndio walio tayari kulipa kwa jogoo mmoja bei ya kuku wengi wa kawaida. Mtu huyu hanunui nyama. Anunua watoto na wajukuu ambao hajawaona. Kwa hivyo anunua neno la muuzaji, na neno hilo likivunjika mara mbili tatu, kuku wetu wote hurudi kwenye bei ya kitoweo.

Neno hilo lavunjika vipi? Tueleze, kwani wengi hudhani ni hila ya muuzaji peke yake, na kumbe aghlabu muuzaji mwenyewe hajui.

Kuku wa kizungu wengi, mathalan Rhode Island Red, wana undu mmoja uliosimama, wenye meno kama msumeno. Undu wa kuchi, ule mdogo wenye mistari mitatu, una nguvu juu ya undu wa msumeno. Jogoo safi wa kuchi akipanda tetea wa kizungu, vifaranga wote hutoka na undu wa kulala, pengine mkubwa kidogo na usio sawasawa. Machotara hawa wakikua hupata miguu mirefu ya baba na nyama ya mama, na mtu akiwatia ndani ya tenga, nani atawakataa? Mnunuzi hulipa bei ya kuchi, akarudi kwao, akawazalisha wale machotara wao kwa wao. Hapo siri hutoka nje: katika kila vifaranga wanne, kwa wastani mmoja huwa na msumeno kichwani. Waingereza wawili, William Bateson na Reginald Punnett, walilieleza jambo hili la nyundu za kuku mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu yeyote mwenye banda aweza kulijaribu.

Tena jaribio lenyewe latufaa. Mwenye jogoo wa kuchi anayemshuku na amtenge pamoja na matetea wenye undu wa msumeno. Kama damu ya msumeno imejificha ndani yake, kwa wastani nusu ya vifaranga watauonyesha. Wakitoka vifaranga wanane, na wakaonekana wote bila msumeno, basi bahati ya kuwa jogoo yule anatuficha ni moja tu katika 256. Vifaranga wa jaribio ni wa chungu, si wa mbegu. Wala tusisahau kuwa undu ni shahidi wa jambo moja tu. Hausemi lolote juu ya mifupa, wala ukali, wala ustahimilivu. Ushahidi ulio kamili ni kujua baba, mama, na wazazi wao, na hilo huandikwa, halionwi kwa macho.

Wenzetu wa nchi nyingine walilifikia jambo hili zamani. Uingereza ilipokataza kupiganisha majogoo kwa sheria ya mwaka 1835, watu waliozoea kuwapiganisha walianza kuwashindanisha kwa umbo. Mwaka 1845 palifanywa maonyesho ya kuku katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1865 kikatoka kitabu cha kwanza cha sifa za kila aina, kilichohaririwa na William Bernhard Tegetmeier. Wamarekani wakatoa chao mwaka 1874. Tangu hapo mtu hakuweza kusema tu "kuku wangu ni bora". Aliulizwa, bora kwa kipimo gani? Kuchi naye ana khabari iliyo karibu na hiyo. Alipendwa kwa vita, na vita vya kuku dini yetu imevikataza. Basi apendwe kwa umbo lake na mbegu yake.

Kwa hivyo twatoa rai kwamba Chama kiandike sifa za kuchi wetu na kuzigawia alama 100, ili matawi yajadili: umbo na kusimama alama 30, kichwa na undu 20, miguu 20, manyoya yaliyobana 10, uzito kwa umri 10, afya na uchangamfu 10. Rangi tusiipe alama, kwani kuchi ana rangi nyingi, na tukichagua moja tutatupa damu njema kwa ajili ya urembo.

Sasa tuje kwenye kazi ya bandani, maana sifa za karatasi hazitotoi yai.

Kwanza, kutenga. Tetea akishapandwa, mbegu ya jogoo hukaa mwilini mwake, na mayai yenye uhai huweza kuendelea kutoka kwa wiki mbili, hata tatu. Basi anayemwondoa jogoo chotara leo na kumtia kuchi kesho, asiyaite mayai ya wiki ile mayai ya kuchi. Angoje wiki tatu, na mayai ya muda huo yaliwe au yauzwe. Jogoo mmoja mzito kama kuchi apewe matetea watano au sita.

Pili, yai. Yai la kutotoa liwe la umbo la kawaida, safi bila ya kuoshwa, halina ufa, wala halijapita siku saba tangu litagwe. Liwekwe pahali pa baridi, ncha yake ikitazama chini, na juu yake iandikwe kwa penseli tarehe na alama ya tetea.

Tatu, kuatamia. Tetea wa kuchi hatagi mayai mengi kama kuku wa kizungu, na mtu asimfuge kwa kutaka mayai ya kuuza. Mayai yake machache na yatotolewe vizuri. Kwa kuku au kwa mashine, kazi ni siku 21. Mwenye mashine ashike joto la nyuzi 37.5 hivi, ageuze mayai mara tatu kwa siku au zaidi mpaka siku ya 18, kisha aache kugeuza na azidishe unyevu. Siku ya saba ayapime kwa mwanga wa tochi gizani: lenye mishipa kama mizizi ni hai, lililo wazi kabisa halina kitu. Yai viza liondolewe kabla halijapasuka.

Nne, alama. Kifaranga akitoka, kabla hajachanganyika na wengine, atobolewe tundu dogo katika utando wa vidole vya mguu. Kila mguu una nafasi mbili za utando, basi kwa kutoboa au kuacha hupatikana alama 16 mbalimbali, bila ya kununua pete. Alama hiyo iandikwe daftarini pamoja na baba na mama.

Tano, kideri. Maradhi haya humaliza banda zima kwa siku chache, na kuku wa daftari hufa sawa na asiye na daftari. Chanjo ya I-2 hutiwa tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Atakayefuga mbegu na asichanje, na asitie jina lake katika daftari la Chama, kwa maana atatutia hasara sote.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu mmoja peke yake hawezi kuitunza mbegu safi. Akiwa na jogoo mmoja na matetea sita, mwaka wa pili atapandisha baba kwa binti, mwaka wa tatu ndugu kwa ndugu, na baada ya vizazi vichache mayai hayatotoi vizuri na vifaranga huwa dhaifu. Hapo atalazimika kununua jogoo sokoni, na pamoja naye atanunua msumeno uliojificha. Lakini Chama chenye matawi chaweza. Matetea wa kila tawi wakae palepale. Majogoo ndio wasafiri: tawi la kwanza lipeleke jogoo wake kwa la pili, la pili kwa la tatu, na la mwisho lirudishe kwa la kwanza, na kila mwaka wa uzazi mzunguko uwe uleule. Kwa njia hii damu hukaa safi bila ya kukaribiana upesi, na hapana anayetoa fedha.

Tusijidanganye kuwa kuna muda mrefu. Kuku wa Sasso na Kuroiler ni kuku wazuri kwa kazi yao, na asiyetaka mbegu na awafuge. Lakini wakizurura uwanja mmoja na kuchi, kila msimu huondoka na sehemu ya damu ya kuchi, na damu iliyoondoka hairudi kwa kuagizwa. Mkarafuu uliokufa hupandwa mwingine kutoka kitaluni. Kuchi hana kitalu illa mabanda yetu.

Kwa hivyo kila tawi litazame mabanda ya wanachama wake na kuhesabu kuchi ambao wazazi wao wote wawili wanajulikana. Tuleteeni idadi ya majogoo na matetea mbalimbali, wala msituletee wa kukisia; tawi lenye jogoo mmoja anayejulikana ni bora kuliko lenye kumi wa kusadikiwa. Tukipata matawi matatu, mzunguko utaanza, na kuku wa kwanza wa daftari wataonyeshwa penye maonyesho ya Nanenane kabla hawajavuka bahari kwenda kwa mnunuzi wa Kariakoo.

Katibu wa Chama