Ukitaka kuacha pombe, usiache peke yako

Tuanze na jioni ya siku ya mshahara. Mfanyakazi wa kiwanda huko Chang'ombe ameapa asubuhi, mbele ya mke na watoto, kwamba leo atapanda basi moja kwa moja hadi Mbagala. Saa nne za usiku chakula kimekwisha poa, watoto wamelala, na mama angali ameketi mlangoni akisikiliza kila hatua inayopita. Kiapo kile hakikuwa cha uongo. Mwenyewe alikusudia kukitimiza. Lakini kati ya lango la kiwanda na kituo cha basi kuna vilabu, na ndani ya vilabu wamo rafiki zake wote.

Aghalabu mtu kama huyu huambiwa, "Kuwa mwanamume, acha!" Haambiwi atakaa na nani akisha kuacha. Hata viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, walevi wengi walihamia chupa tu. Marufuku huondoa kinywaji dukani. Haimpi mtu wenzake wapya.

SIMU YA HOTELINI

Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara wa Marekani aitwaye Bill Wilson alikuwa katika hoteli moja mjini Akron. Alikuwa hajaonja pombe kwa miezi kadhaa, biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na sauti za watu wa baa zilimvuta. Badala ya kuingia baa aliiendea simu, akawapigia viongozi wa makanisa ya mji ule akiuliza kama wanamjua mlevi mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith. Daktari alikubali kukaa naye dakika 15 tu. Wakazungumza kwa zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka ule daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ambayo watu huiita AA.

Tazama vema: Wilson hakutafuta mhubiri. Alimtafuta mgonjwa mwenzake.

MKUTANO UKOJE

Usidhani utapelekwa mbele ya baraza la hukumu. Watu huketi, mmoja baada ya mwingine hutaja jina lake la kwanza tu, na anayetaka husimulia alivyokunywa na anavyojizuia. Wengine husikiliza pasipo kumkatiza. Hakuna ada, mchango ni wa hiari. Sharti ni moja, nalo ni nia ya kuacha pombe. Yasemwayo humo hayatolewi nje. AA haifungamani na dini yoyote, hivyo Mwislamu ambaye aibu yake ni maradufu hana sababu ya kuogopa. Wala haapishwi mtu kuacha maisha yake yote. Huombwa asinywe leo.

PA KUULIZIA

Mikutano hii hufanyika Dar es Salaam, ila mahali na saa hubadilika, kwa hiyo ni lazima kuuliza. Mkazi wa Kinondoni aende Hospitali ya Mwananyamala, wa Temeke aende Hospitali ya Temeke, au yeyote aende Muhimbili, akaulizie huduma ya afya ya akili. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, ambamo waliokwisha acha huishi na kukutana. Uliza mambo manne: siku gani, saa ngapi, lugha gani, na je, ni mkutano wa wazi ambao ndugu anaweza kuhudhuria, au ni wa wenye tatizo peke yao? Kama hakuna kikundi karibu, jueni kwamba kwa desturi ya AA watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe ni kikundi tayari.

Lakini angalia! Mtu anywaye sana kila siku asikate ghafla kabla ya kumwona daktari. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka na jasho kumtoka. Katika siku mbili za kwanza anaweza kupatwa na degedege. Kisha akaweweseka na kuona visivyokuwapo. Hali hiyo huua, na hospitalini dawa yake ipo.

NA WEWE, MAMA

Huwezi kuhudhuria kwa niaba ya mumeo. Unaloweza ni kuacha kumfichia: usipeleke habari kwa msimamizi wake kuwa ana malaria, usimlipie deni la kilabu. Mwongoze njia asubuhi akiwa na akili timamu, si usiku akiwa amelewa. Nawe pia watafute wenzako. Mke wa Wilson, Lois, aliona kwamba jamaa za walevi nao wanaumia, na mwaka 1951 akashiriki kuanzisha vikundi vyao, Al-Anon.

Nauli ya kwenda Mwananyamala au Temeke haifikii bei ya chupa moja ya bia. Itenge usiku huu, kabla ya kulala, umkabidhi mtu atakayefuatana nawe.