MLIO USIONYAMAZA: SIKIO LA ASKARI NA KELELE ZA MASHINE YA SUMAKU

Ndugu zetu wa jeshi na wa polisi waliopata kutibiwa malaria kwa kwinini hawana haja ya kuelezwa mlio wa masikioni ni kitu gani. Siku ya pili au ya tatu ya dawa masikio huanza kuvuma kana kwamba nyenze wamehamia kichwani. Sauti za wenzako huja kwa mbali, na hata amri ya kwata huisikia nusu. Dawa ikiisha mwilini, nyenze nao kwa kawaida huondoka. Sasa na tumfikirie mtu ambaye nyenze wake hawakuondoka.

Tunamfahamu mtu wa namna hiyo. Ni sajini mstaafu aliyetumikia jeshi miaka 23, mingi kati ya hiyo akiwa mkufunzi katika uwanja wa shabaha. Jina lake na kikosi chake hatutavitaja, kwani ndivyo alivyotuomba. Sikio lake la kushoto lilianza kulia hata kabla hajavua sare: mlio mwembamba, kama wa birika linalochemka katika nyumba ya jirani. Aliuzoea. Alilala nao na kuamka nao, akausahau kama mtu anavyosahau kovu lililoko mgongoni. Kisha daktari akamtuma apigwe picha ya kichwa katika mashine ya sumaku, ile iitwayo MRI, ili ajue mlio ule unatoka wapi. Alipotoka humo, birika la jirani lilikuwa limehamia ndani ya kichwa chake, na tangu siku hiyo halikuteremshwa motoni.

Aliye na nia ya kucheka na acheke, maana mwenyewe husimulia kisa hiki kwa kucheka: alikwenda kutafuta dawa ya kelele akatiwa kelele zaidi. Lakini jambo lenyewe si la mzaha, na wasomaji wa ukurasa huu linawahusu kuliko watu wengine.

Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa wa fuvu, mna kitundu kilichojikunja kama gamba la konokono. Humo mna chembechembe zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, nazo ndizo zinazopokea mtikiso wa sauti na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Ndege akipoteza chembechembe hizo huota nyingine. Binadamu hakujaliwa hivyo. Iliyokufa imekufa.

Bunduki ya kivita ikilia, kishindo chake katika sikio la mpigaji hufikia desibeli 155 au hata 165. Wataalamu wa afya kazini husema kwamba kishindo kinachozidi desibeli 140 chaweza kudhuru sikio papo hapo, hata kikiwa kimoja tu. Mkufunzi wetu hakusikia kimoja. Alisimama nyuma ya makuruta mwaka baada ya mwaka, na katika siku zake aliyeziba masikio alionekana kuwa mwoga. Mara nyingine vizibo havikuwapo, mara nyingine vilikuwapo stoo vikiwa bado katika boksi.

Tena sikio linaloumia zaidi si lile lililo karibu na kitako cha bunduki, kama wengi wanavyodhani. Mpigaji anayetumia mkono wa kulia hulaza shavu lake juu ya kitako. Hivyo sikio la kulia hujificha nyuma ya kichwa, na la kushoto hubaki limeuelekea mtutu. Ndiyo sababu askari wengi huanza kusikia mlio upande mmoja, na hapo ndipo mashine ya sumaku inapoingia katika habari yetu. Daktari wa masikio, pua na koo akiambiwa kwamba mlio uko sikio moja tu, hana budi kushuku mambo mawili. Huenda ni bunduki. Lakini huenda pia ni uvimbe mdogo juu ya mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda ubongoni. Uvimbe huo si saratani, na kwa kawaida hukua polepole sana, lakini ukiachwa ukawa mkubwa waweza kuusukuma ubongo. Kuushika mkono wa mgonjwa na kumtazama machoni hakuwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili. MRI yaweza.

Mashine hii si ya kale. Picha ya kwanza ya kiwiliwili cha mtu aliye hai ilipigwa na Raymond Damadian na wenzake huko New York mwezi wa Julai 1977, na kazi hiyo ilichukua karibu saa tano. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003 ilipewa Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza. Damadian, aliyeachwa nje, alilipia ukurasa mzima katika magazeti makubwa kulalamika. Mansfield, kwa faida ya wasomaji wetu, alikuwa askari kwa miaka miwili katika ujana wake, baada ya kufanya kazi katika idara ya roketi. Ni yeye aliyebuni njia ya kupiga picha kwa kasi kubwa mno, na njia hiyo ni mojawapo ya zile zenye makelele kupita zote.

Makelele yatoka wapi? Mgonjwa hulazwa ndani ya pipa lenye sumaku ya Tesla 1.5 au 3. Sumaku ya Tesla 1.5 hushinda ile ya dunia, inayoongoza dira zetu hapa karibu na ikweta, kwa zaidi ya mara 40,000. Sumaku hiyo kubwa yenyewe ni kimya. Lakini ili picha ipatikane, umeme hupitishwa na kukatwa upesi upesi katika koili nyingine zilizomo humo, na kila umeme unapopita ndani ya sumaku, waya husukumwa. Spika ya redio hutoa sauti kwa njia iyo hiyo. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji amelala ndani ya spika. Sajini wetu alisema ilimkumbusha bombomu inayopiga mfululizo, kisha kengele ya hatari, kisha nyundo juu ya bati, na asiweze kukimbia wala kulala chini kwa kuwa ameamriwa asitikise kichwa.

Kelele hizo mara nyingi ni desibeli 100 hadi 120, na katika baadhi ya picha zaweza kuzidi hapo. Kanuni za kimataifa zinataka mgonjwa azibwe masikio kama zaweza kupita desibeli 99. Sajini alipewa vizibo viwili vya sponji na kuambiwa avitie mwenyewe. Hakuna aliyemwonyesha namna, na hakuna aliyetazama kama vimeingia. Vilichungulia nje ya tundu la sikio kama vizibo vya chupa vilivyokataa kuzama.

Na tupige hesabu. Wataalamu wengi hukubali kwamba mtu aweza kukaa katika kelele za desibeli 85 kwa saa nane. Kila zinapozidi kwa desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu: desibeli 100 ni robo saa tu. Tuseme mashine inapiga desibeli 115. Kizibo kilichotiwa vizuri chaweza kupunguza karibu 30, zikabaki 85, na hapo hapana neno. Kizibo kilichotiwa ovyo chaweza kupunguza 10 tu. Zikabaki 105, ambazo kipimo chake hakifiki dakika tano. Sajini alikaa humo zaidi ya nusu saa.

Yafaa tuseme pia kwamba hata uzibaji mwema si ngome kamili, maana fuvu lenyewe hutikisika na kupeleka kelele sikioni bila kupita tundu lake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mashine za Tesla 3 ulionyesha kwamba hata watu wenye masikio mazima, waliokuwa wamezibwa, walipungukiwa kidogo na usikivu kwa muda, kisha ukarudi. Wagonjwa walio wengi hutoka wakiwa salama. Lakini sikio lililokwisha jeruhiwa na bunduki ni kama goti lililokwisha teguka.

Majibu ya picha yalipofika yalimkuta sajini hana usingizi wiki ya tatu. Daktari alimweleza kwamba uvimbe upo. Ni mdogo, milimita chache, hauhitaji kisu sasa, unahitaji kuangaliwa tu. Na kuangaliwa maana yake ni kurudi katika mashine ile ile baada ya mwaka, na mwaka mwingine, na mwingine.

Sajini alikataa. Mtu aliyewafundisha vijana kusimama imara alikaa nyumbani miezi ishirini akikwepa barua za hospitali. Mkewe alitusimulia kwamba usiku alikuwa akitoka kukaa uani, kwa kuwa ndani ya nyumba palikuwa kimya mno. Wasioujua ugonjwa huu hushangaa wakisikia hivyo, hudhani mgonjwa hutafuta kimya. Ni kinyume. Ubongo ukikosa habari kutoka sikioni hufanya kama askari wa mawasiliano anayeongeza sauti ya simu ya upepo ili amsikie mwenzake wa mbali: asipompata, hubaki kusikia mkwaruzo wa chombo chenyewe. Heller na Bergman, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 1953 habari za watu 80 wenye masikio mazuri waliokaa katika chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 yao walisikia milio ambayo haikuwamo chumbani.

Tulipomwambia kwamba si peke yake, hakuamini. Basi tukamtajia mfano wa mbali. Nchini Marekani mlio wa masikioni ndio ulemavu unaolipiwa fidia na askari wengi wa zamani kuliko mwingine wowote. Wanaoupokea malipo wamepita milioni mbili. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi za askari waliodai kwamba vizibo vyake havikuwakinga, ijapokuwa haikukiri kosa. Sajini alisikiliza, akauliza swali moja: hao milioni mbili wanalalaje?

Wengine hulala kwa feni, wengine kwa redio iliyopunguzwa sauti, wengine kwa mvua ya kanda. Dawa ya kuukomesha mlio wenyewe bado haijapatikana, na anayeuza chupa barabarani akiapa kwamba anayo ni mwongo. Lakini mgonjwa aliyepungukiwa usikivu aweza kupewa kifaa cha kusaidia kusikia, na mara nyingi sauti za dunia zikirudi mlio hufifia. Yapo pia mazungumzo ya mpango pamoja na mtaalamu wa saikolojia, ambayo hayapunguzi ukubwa wa mlio bali hupunguza vita baina yake na mwenyewe. Uchunguzi mwingi umethibitisha kwamba husaidia. Aliye na mlio unaodunda pamoja na moyo, au aliyepoteza usikivu ghafula kwa siku moja, asingoje kitu: huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Aliyemtoa sajini nyumbani hakuwa sisi. Alikuwa koplo wa kike, muuguzi wa jeshi, aliyewahi kuwa kuruta wake, akamjia na kumwambia kwamba safari hii wataipanga kama operesheni. Wakaenda hospitali nyingine siku mbili kabla. Wakamweleza mtaalamu wa picha habari za mlio na yaliyotokea mara ya kwanza. Waliomba mambo matatu: ipigwe picha fupi ya eneo la sikio la ndani tu kama daktari ataridhika, itumike njia ya polepole yenye kelele ndogo kama mashine inayo, na pawe na mapumziko kati ya picha na picha. Mtaalamu yule aliuliza naye la kwake, ambalo kila askari na akumbuke kulitaja hata asipoulizwa: je, mwilini kuna risasi au kipande chochote cha chuma, hasa jichoni? Sumaku ile haijui kwamba vita vimekwisha.

Siku yenyewe koplo alimtia vizibo kwa mkono wake. Sponji husokotwa mpaka iwe nyembamba. Mkono mwingine hupita juu ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Kisha kizibo huingizwa na kushikiliwa kwa kidole nusu dakika mpaka kivimbe. Juu yake vikawekwa vifuniko vya masikio visivyo na chuma. Sajini akapewa mpira wa kubonyeza mkononi, akaahidiwa kwamba akiubonyeza mashine itasimama bila kuulizwa maswali.

Aliubonyeza mara moja. Ilisimama. Alipumua dakika chache, akasema waendelee.

Uvimbe haukukua. Mlio ulipanda kwa siku nne, naye katika siku hizo nne hakuzungumza na mtu, kisha ukashuka ukarudi pale ulipokuwa. Lile birika dogo la jirani halijarudi, na daktari hakumwahidi kwamba litarudi. Tulipomtembelea mwezi uliopita tulimkuta ameweka redio karibu na kitanda, mshale ukiwa kati ya stesheni mbili, panapotoka mchakacho kama wa mvua juu ya makuti. Jirani yake, alituambia, alikuja mara mbili kujitolea kumtengenezea.