Kabla Hujatuma Pesa ya Kiingereza

Binti mmoja mzaliwa wa Bukavu, anayeishi kwa shangazi yake Kayole, alinijia nyumbani Buruburu akiwa na shilingi elfu 40 na karatasi tatu za matangazo. Pesa hizo zilichangwa na ndugu zake watatu, mmoja wao muuza vitenge Eastleigh. Alisoma kwa Kifaransa hadi akamaliza sekondari. Kiswahili anacho cha kutosha na kusaza. Kiingereza anakielewa akikisikia, ila akishika kalamu kinamgomea. Anataka kusomea uhasibu katika chuo kikuu cha hapa Nairobi. Akaniuliza, "Mama, nilipie wapi?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya darasa la wiki sita katikati ya jiji. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa mtaani anayefundisha watu wanne watano sebuleni kwake. Ya tatu ilimtaka ajisajili moja kwa moja kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS. Nilimwomba asitoe hata shilingi mpaka tukiandikie chuo barua pepe yenye swali moja: mnataka ushahidi gani wa Kiingereza kutoka kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa? Jibu lilikuja baada ya siku nne. Chuo kina mtihani wake wa kumpimia mgeni, na anayepungukiwa hupangiwa darasa la Kiingereza kabla ya kuanza shahada. IELTS haikutakiwa kabisa. Barua ile ilimwokolea zaidi ya nusu ya pesa alizokuja nazo.

Nimeanza na kisa chake kwa sababu familia nyingi huku Eastlands, za wenyeji na za wageni, huanza na mtihani kabla ya kuuliza chuo. Hata Mkenya aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anayetaka kwenda Uingereza aulize kwanza. Vipo vyuo vikuu vya huko vinavyopokea gredi nzuri ya Kiingereza cha KCSE mahali pa IELTS, ingawa gredi wanayoitaka si moja. Cheti hicho tayari kimo ndani ya bahasha chini ya godoro, na kilishalipiwa kwa miaka minne ya karo.

Chuo kikisema lazima mtihani, hapo ndipo bei hulinganishwa. IELTS, inayomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge, hapa Nairobi hugharimu kama shilingi elfu 30, na bei hubadilika, kwa hivyo itazame kwenye tovuti ya kituo siku ile unayojisajili. TOEFL ya Wamarekani haiko mbali na hapo. Duolingo English Test ni kama dola 70, yaani shilingi elfu 9 hivi dola ikiwa 129. Matokeo ya mitihani yote mitatu hudumu miaka miwili tu. Anayefanya mtihani mapema ili kubahatisha, kabla hajajua anaomba chuo gani, hujikuta akilipa tena.

Bei ya Duolingo inavutia sana, lakini ipime kwa nyumba unayoishi. Mtihani huo hufanyiwa nyumbani kwa saa moja hivi, mbele ya kompyuta yenye kamera, ukiwa peke yako. Sauti ya mtu mwingine au jicho linalotoka kwenye skrini mara kwa mara linatosha kufanya matokeo yakataliwe. Sasa fikiria chumba kimoja Umoja Innercore: ukuta mnaoshiriki na jirani, spika ya kanisa ng'ambo ya barabara, stima inayopotea bila taarifa. Saiba haifai kwa sababu watu wanaingia na kutoka. Ninaloshauri ni kuazima chumba kwa jamaa, asubuhi ya siku ya kazi watoto wakiwa shuleni, na kuwa na bando ya simu pembeni endapo intaneti ya nyumba itakatika. Na kabla ya hayo yote, hakikisha chuo chako kinaipokea. Vyuo vingi vya Marekani huipokea. Serikali ya Uingereza haijaiweka kwenye orodha ya mitihani inayokubalika kwa viza ya kazi, na huko utahitaji mtihani ulioidhinishwa kama IELTS ya UKVI (idara ya viza ya Uingereza), ambao bei yake iko juu ya ile ya kawaida ingawa maswali ni ya aina ile ile.

Kwa aliye mkimbizi kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Kitambulisho unachojisajilia ndicho utakachoonyesha siku ya mtihani. Kama huna pasipoti, kiulize kituo kwa maandishi kama watakubali hati uliyo nayo, na ulihifadhi jibu kabla ya kulipa.

Baada ya kuchagua mtihani huja maandalizi, na hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea. Tuseme darasa la mjini ni elfu 15 kwa wiki sita. Ongeza nauli, shilingi 160 kwenda na kurudi kwa siku 30, hiyo ni 4,800, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Chakula cha mchana cha 150 kwa siku 30 ni 4,500. Darasa la elfu 15 limekuwa la 24,300, na bado hujahesabu saa unazokaa kwenye msongamano wa Jogoo Road. Mwaka niliomlipia mwanangu darasa la namna hiyo, walikuwa zaidi ya arobaini chumbani. Kwa wiki sita aliandika insha tatu na hakurudishiwa hata moja ikiwa imesahihishwa. Iliniuma, kwa sababu kusahihishiwa ndiko nilikokuwa nimekulipia.

Kusikiliza na kusoma unaweza kujifunza bila kumlipa mtu. BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council ni bure, gharama ni bando. Maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan na zimekarabatiwa kwa juhudi za shirika la Book Bunk la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ziko karibu na mitaa yetu na zina meza tulivu. Maktaba mama ya mjini ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kusoma humo. Hukumbuka hilo kila nionapo viti vitupu Jumamosi asubuhi.

Kisichopatikana bure ni mtu wa kuisoma insha yako akiwa na kalamu nyekundu. Msemaji wa Kiswahili humwita mwanamume "she" kwa sababu neno letu "yeye" halina jinsia, na huacha "the" kwa sababu lugha yetu haina kitu hicho. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika "I have twenty years" kana kwamba umri ni mali. Makosa haya mtu hayaoni mwenyewe. Mwaka 2021, Kenya ilipokubaliana na Uingereza kupeleka wauguzi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na kuandika ripoti za wagonjwa kwa lugha hiyo. Baraza la wauguzi la Uingereza hutaka alama 7 kwenye IELTS, na 6.5 kwenye kuandika. Kuzungumza vizuri wodini na kuandika insha ya maneno 250 kwa dakika arobaini ni kazi mbili tofauti, na ya pili huhitaji mazoezi yanayosahihishwa.

Kwa hiyo mwalimu wa mtaani nampa nafasi ya kwanza, kwa sharti moja: kila kipindi kianze kwa insha iliyosahihishwa. Mwombe akusahihishie moja kabla hujalipa. Akiandika "vizuri" chini yake na kukurudishia, tafuta mwingine. Akikuonyesha sentensi tano zenye kasoro na kukueleza kila moja, umempata. Mlipe kwa wiki.

Na aliye tayari chuo kikuu asisahau somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza. Katika vyuo vyetu vya umma hufundishwa kwenye ukumbi uliofurika, na wengi hulichukulia kama la kupita tu. Lakini limo ndani ya karo. Mhadhiri ana saa za kuonana na wanafunzi, na anayempelekea aya mbili kila wiki anapata bure kile ambacho wenzake watakilipia baada ya kuhitimu.

Tulikaa mezani na yule binti tukaandika hesabu yake. Mwalimu wa Kayole, anayemfikia kwa miguu: shilingi 500, mara mbili kwa wiki, wiki nane, elfu 8. Bando, elfu 2. Vitabu vya mitumba na nakala, 1,200. Nauli ya Makadara kila Jumamosi, 800. Jumla elfu 12. Elfu 28 zilizobaki alimkabidhi shangazi yake, ziwe mwanzo wa karo ya muhula wa kwanza.