TAARIFA KWA WANANCHI: KUACHA KWA USALAMA DAWA YA KULEGEZA MISULI

Wananchi na wafanyakazi wa Serikali wanaotumia dawa ya kulegeza misuli iitwayo baklofeni, pamoja na jamaa wanaowauguza, wanatanabahishwa kuwa dawa hiyo haiachwi kwa siku moja. Anayetaka kuiacha, hata akijiona hajambo, ni lazima aipunguze kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Maelezo yafuatayo yanatolewa ili kila mmoja afahamu sababu na taratibu zake.

Baklofeni hutolewa kwa mgonjwa ambaye misuli yake hukakamaa kwa sababu ya maradhi au majeraha ya ubongo au uti wa mgongo. Miongoni mwa wagonjwa hao wamo walioumia mgongo kwa ajali za barabarani, au kwa kuanguka kutoka juu ya mnazi au mkarafuu. Dawa hii ilitengenezwa mwaka 1962 kwa nia ya kutibu kifafa. Haikufaa kwa kazi hiyo, lakini ilionekana kuwa inalegeza misuli iliyokaza, na ndiyo kazi yake kubwa hadi leo.

Misuli hukaza na kulegea kwa amri zinazopita katika mishipa ya fahamu. Baklofeni huzipunguza amri hizo ndani ya uti wa mgongo. Mgonjwa anapoitumia kwa muda mrefu, mishipa hiyo huizoea na hufanya kazi kwa kuitegemea. Kutegemea huku si ulevi wala si kosa la mgonjwa. Ni maumbile ya mwili. Lakini nguvu ya dawa hii hupungua mwilini baada ya saa chache tu. Kwa hivyo, mtu akiiacha ghafla, amri zilizokuwa zimezuiliwa hufumka zote kwa pamoja kabla ya mwili kujiandaa.

Dalili zake huanza baada ya saa kadhaa au siku chache. Misuli hukakamaa kuliko mwanzo, mwili huwasha, na mgonjwa hupata wahka na kukosa usingizi. Hali ikizidi huchanganyikiwa, huona au kusikia vitu visivyokuwepo, hupata homa kali na hata degedege. Jamaa wasiojua kuwa ameacha dawa huweza kudhani kuwa ni malaria, au kuwa amepandwa na shetani, wakachelewa kumfikisha hospitali. Kuchelewa huko ni hatari, kwani misuli iliyokakamaa mno huweza kuharibika na kuathiri figo, na mgonjwa akafariki.

Ili kuepukana na hatari hiyo, taratibu zifuatazo zizingatiwe:

(a) Mgonjwa amuone daktari kabla ya kupunguza hata nusu kidonge.

(b) Upunguzaji usiharakishwe. Kwa kawaida huchukua si chini ya wiki 1 hadi 2, na kwa aliyetumia dawa kwa muda mrefu au kwa kipimo kikubwa huchukua zaidi. Kwa mfano, anayetumia miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 2 vya miligramu 10 mara 3, akipunguziwa miligramu 10 kila wiki atahitaji takriban wiki 6. Akipunguziwa miligramu 5 kila wiki, atahitaji takriban wiki 12. Mfano huu ni wa kufafanua hesabu tu. Kipimo cha kila mtu hupangwa na daktari wake.

(c) Dalili zilizotajwa zikianza kujitokeza, mgonjwa asiendelee kupunguza. Arejee kwa daktari, ambaye huweza kumrudisha kwenye kipimo cha awali na kuanza tena polepole zaidi. Akiwa na homa kali, degedege au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.

(d) Kipimo kilichosahauliwa kisifidiwe kwa kumeza dawa maradufu, kwani dawa ikizidi huleta usingizi mzito na kudhoofisha pumzi. Aliyekosa dawa kwa siku nzima au zaidi aende hospitali. Hali kadhalika, pombe na dawa za usingizi zisichanganywe na dawa hii.

(e) Mwenye maradhi ya figo amweleze daktari, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo.

Aidha, ifahamike kuwa wengi hawaachi dawa kwa kutaka, huishiwa. Mgonjwa asisubiri kidonge cha mwisho ndipo aende kutafuta vingine. Mfanyakazi anayehamishiwa kisiwa kingine, au msafiri anayevuka bahari, achukue dawa za kutosha kwa safari na siku za ziada, na azibebe mkononi, si ndani ya mzigo. Anayekusudia kufunga Ramadhani azungumze na daktari mapema kuhusu nyakati za kumeza, wala asiruke kipimo cha mchana kwa uamuzi wake mwenyewe. Mgonjwa amepewa rukhsa katika dini.

Mkwezi hashuki mnazi kwa kuruka. Hushuka kidato kwa kidato. Wananchi wanaombwa kuwafikishia taarifa hii jirani na jamaa wanaotumia dawa hiyo, khasa wasioweza kusoma. Wanaouguza wanaombwa kuweka cheti cha dawa mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani, ili mgonjwa akifikishwa hospitali, daktari ajue mara moja ni dawa gani na kwa kipimo gani.