Chanjo na Majira Yake: Mantiki ya Ratiba ya Chanjo Nchini Kenya

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hekima hiyo ndiyo msingi wa chanjo. Neno lenyewe limetokana na kitenzi “chanja”, yaani kukata ngozi juu juu, kama ilivyofanywa zamani katika kukinga ndui. Leo maana yake imepanuka, hata matone ya polio adondoshewayo mtoto kinywani huitwa chanjo. Hata hivyo, kinachowatatiza wazazi wengi si neno bali ratiba: kwa nini mtoto arudishwe kliniki mara kwa mara?

Kwa mujibu wa ratiba ya taifa, mtoto azaliwapo hupewa chanjo ya kifua kikuu, ambayo huacha kovu mkononi, pamoja na matone ya polio. Atimizapo wiki 6, 10 na 14, hupewa matone hayo tena, chanjo ya nimonia, na chanjo ya mseto inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na maradhi yaletwayo na bakteria ya Hib. Katika kipindi hichohicho hukingwa dhidi ya virusi vya rota, visababishavyo kuhara. Marudio haya si ya bure. Dozi ya kwanza huuzindua mwili, nazo zinazofuata huiimarisha na kuidumisha kinga.

Chanjo ya surua nayo husubiri miezi 9, kwa sababu kabla ya hapo kingamwili alizorithi mtoto kwa mamaye huweza kuidhoofisha. Hata katika umri huo, watoto wanaopata kinga kamili ni takriban 85 kati ya 100. Ndiyo sababu mwaka wa 2013 dozi ya pili iliongezwa katika miezi 18. Tangu mwaka wa 2016, chanjo hiyo hukinga rubela pia.

Hapa ndipo penye ufa. Kwa miaka mingi ratiba ya mtoto mchanga ilikomea miezi 9, na hadi leo wapo wazazi wadhanio kuwa hapo kliniki imekwisha. Wanaopata dozi ya pili ni wachache kuliko wanaopata ya kwanza.

Aidha, chanjo si ya watoto wachanga pekee. Tangu mwaka wa 2019, wasichana wa kuanzia miaka 10 hukingwa dhidi ya virusi visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi. Mama mjamzito naye huchanjwa dhidi ya pepopunda, na kinga yake humfikia mtoto kabla hajazaliwa.

Mtoto aliyekosa siku yake haanzi upya, huendelea alipoachia. Kwa hivyo, lugha ya kliniki ina uzito wake. Mama aambiwaye katika miezi 9 kuwa “umemaliza” huenda asirudi; aambiwaye “imebaki moja” hujua kuwa safari ingalipo.