Damu Itafutwe Kabla ya Kisu

Latusikitisha jambo moja katika nyumba zetu: jamaa zetu wengi hufanya haraka kutafuta sanda kuliko kutafuta damu. Na tuangalie hali ya ndugu zetu wa Ngana, huko Kyela, karibu na mto Songwe. Mja mzito ambaye kondo lake la nyuma limekaa chini, likaziba mlango wa mji wa mimba, hana budi kupasuliwa. Na ikiwa alikwisha kupasuliwa zamani, kondo huweza kushika penye kovu lile, lisibanduke. Mimba ikikamilika, damu ipitayo katika mji wa mimba hupata nusu lita au zaidi kila dakika, na mwili mzima una lita 5 tu au karibu yake. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe.

Dawa zipo, alhamdulillahi. Oksitosini hukaza mji wa mimba mara mtoto atokapo. Asidi ya traneksamiki, waliyoivumbua Bibi Utako Okamoto na mumewe huko Japani, ilijaribiwa kwa wanawake 20,000 katika nchi 21; mwaka 2017 ikatangazwa kuwa hupunguza vifo vya kutoka damu, ikitolewa ndani ya saa 3.

Lakini dawa haizai damu. Toka Ngana hata Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 100, ya kupanda milima ya Tukuyu, na masika mito ya Kyela hufurika. Basi damu ikitoka miezi ya mwisho, hata bila maumivu, mama apelekwe hospitali siku ile ile. Aliyeonekana kwa picha ya altrasaundi kuwa kondo lake lingali chini, asingoje uchungu. Ahamie karibu na hospitali kubwa kabla ya siku zake. Malaria itibiwe, vidonge vya madini ya chuma vinywewe, kwani mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kupoteza. Mume asafiriye asiseme, “Ningojeni.”

Wako wachao kuwa damu ya mgeni huleta uharamu wa ndoa kama maziwa ya kunyonya. Sivyo, wanazuoni wa zama zetu wameijuzisha kwa dharura, wala haileti undugu huo.

Kituo cha damu cha kanda kipo Mbeya. Vijana wenye afya, waliotimiza miaka 18, huweza kutoa: wanaume kila miezi 3, wanawake kila miezi 4.