Jinsi ya Kutengeneza Bango kwa Kompyuta

Wenzangu wengi wameniuliza mabango ya mikoko yaliyobandikwa ukutani yalitengenezwaje. Leo nitaeleza, na aibu yangu nitaitoa pia.

Tulitumia Canva, programu ya mtandaoni iliyoanzia Australia mwaka 2013. Hulipi kitu ukijiandikisha, ila jihadhari: picha yenye alama ya taji ni ya kulipia. Tena inataka intaneti. Sisi tuliipata kutoka simu ya mwalimu, na bando si maji ya kisima! Kwa hivyo andikeni maneno na mchore mpango karatasini kwanza. Kundi moja lilianza kwa kuchagua rangi. Bando likakatika hata kichwa cha bango hawana.

Halafu chagua ukubwa mapema. A3 ni milimita 297 kwa 420, yatosha ukuta. Ukitengeneza kadogo kisha ukakakuza, picha hutoka na ukungu.

Sasa aibu yenyewe. Hapa kwetu mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza pia mwaka 2013, unahifadhi hekta 117 za mikoko. Fedha zinazotokana na kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi zimesaidia Gazi na Makongeni kupata maji na vitabu vya shule. Basi nikataka bango la kuwaambia watu wasikate mchu. Nikachukua picha iliyokuwemo humo humo kwenye programu, nikaandika maneno 94, herufi za kijani juu ya majani ya kijani. Nikajiona fundi.

Mjomba wangu ni mvuvi. Alisimama mbele ya bango, akacheka.

"Mpwa wangu, tangu lini mchu ukawa na mizizi ya kupinda?"

Lo! Ile ilikuwa picha ya mkoko, ambao mizizi yake imepinda kama miguu ya buibui. Mchu huchomoza vijiti vyembamba topeni, mithili ya penseli zilizosimamishwa.

"Mti wenyewe huujui, nawe wanifundisha kuulinda?"

Nilikosa la kusema. Walengwa wa bango lile ni watu kama yeye, na picha moja tu ilitosha wasiniamini.

Maji yalipokupwa tukashuka pwani, tukapiga picha zetu wenyewe kwa simu. Maneno tukayapunguza yakabaki tisa, meupe juu ya tope jeusi. Jaribio letu lilikuwa hili: rudi nyuma hatua kumi; usipoweza kusoma, futa neno, kuza herufi. Mwisho tukahifadhi kwa PDF, tukatoa nakala moja isiyo na rangi ili tusake makosa, maana kuchapisha kwa rangi ni ghali.

Mjomba alipoliona la pili hakucheka. Aliuliza tu mkandaa na mlilana itawekewa bango lini. Picha ya mkandaa tunayo. Ya mlilana, ulio mbele kabisa baharini, twangoja bamvua.